Pesa za Dharura na Hatifungani za Miji ya Ujerumani, 1914–1925: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila mara kutoka kwa wanafunzi wa historia, wakusanyaji wa noti za kale, na watu waliokuta karatasi za Kijerumani kwenye masanduku ya wazee wao. Kila jibu linajitosheleza. Jambo lililokwisha kuelezwa kwingine halikurudiwa, bali msomaji ameelekezwa mahali lilipo.

## Mambo ya msingi

Pesa za dharura zilikuwa nini hasa?

Zilikuwa noti, hati za malipo na sarafu zilizotolewa na taasisi ambazo si benki kuu: halmashauri za miji na wilaya, mikoa, benki za akiba, chemba za biashara, viwanda, hata shirika la reli. Zilitolewa wakati pesa za serikali kuu zilipokuwa haba kwenye mzunguko. Wajerumani waliziita Notgeld, na wakusanyaji duniani kote wameendelea kulitumia jina hilo.

Kisheria hazikuwa pesa halali ambazo kila mtu alilazimika kuzipokea. Kila moja ilikuwa ahadi: mji fulani unakiri kwamba unadaiwa kiasi fulani na mwenye hati, nao utamlipa akiirudisha kabla ya muda wake kwisha. Kwa hiyo anayetaka kuielewa noti yoyote ya aina hii aulize nani ameahidi, ameahidi kwa kipimo gani, ahadi inakwisha lini, na dhamana yake ni ipi. Hatifungani, yaani hati za mkopo zenye riba, husomwa kwa maswali yayo hayo, na ndiyo sababu vitu hivi viwili vimewekwa pamoja hapa.

Je, zote ni za mwaka 1923?

Hapana. Za kwanza zilitoka Agosti 1914, vita vilipoanza na watu wakaficha sarafu za fedha na dhahabu. Kuanzia 1916 hata chenji ndogo ilitoweka, kwa kuwa shaba na nikeli zilihitajika kutengeneza silaha, na miji ikatoa sarafu za chuma na zinki pamoja na vinoti vya pfennig 10, 25 au 50 (pfennig ni sehemu ya mia ya marki, pesa ya Ujerumani). Mwishoni mwa 1918 zikaja noti kubwa zaidi, safari hii kwa kibali cha Reichsbank, benki kuu ya Ujerumani, yenyewe, kwa sababu mitambo yake ilikuwa imezidiwa.

Kati ya 1919 na 1922 miji mingi ilitoa mifululizo ya vinoti vya rangi nyingi vilivyokusudiwa wakusanyaji zaidi kuliko wanunuzi wa sokoni. Hameln ilichora mpiga zumari aliyewaongoza panya, na Weimar iliwaenzi Goethe na Schiller. Kila kinoti kilichobaki kwenye albamu ya mkusanyaji kilikuwa deni ambalo mji haukulipa kamwe, na kwa mji mdogo hayo yalikuwa mapato ya kweli. Noti za maelfu, mamilioni na mabilioni ndizo za mwisho, za 1922 na 1923.

Nani aliruhusu miji kutoa pesa?

Mwanzoni serikali kuu ilinyamaza tu. Sheria ya tarehe 17 Julai 1922 ndiyo iliyopiga marufuku utoaji wa pesa za dharura bila kibali cha Wizara ya Fedha, ikamtaka mtoaji aweke amana inayolingana na noti zake. Sheria hiyo ilifuta vinoti vya wakusanyaji, lakini haikuwa na nguvu dhidi ya uhaba uliofuata. Mwaka 1923 watoaji walizidi elfu tano, na wengi wao hawakuwa na kibali wala amana.

Marki ilianguka kwa kasi gani?

Mwaka 1914 dola moja ya Marekani ilinunuliwa kwa marki 4.20. Januari 1923, mwezi ambao majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yaliingia bonde la Ruhr, wastani ulikuwa karibu marki 18,000. Julai ulikuwa zaidi ya 350,000. Agosti, takriban milioni 4.6. Tarehe 20 Novemba 1923 kiwango rasmi kilisimamishwa kwenye marki trilioni 4.2 kwa dola moja. Jijini Berlin, mkate ambao kabla ya vita haukufika marki moja ulipita bilioni 200 mwezi huo.

## Noti za miji katika maisha ya kila siku

Kwa nini mji haukungoja noti za Reichsbank?

Kwa sababu siku ya mshahara haingoji. Kufikia 1923 Reichsbank ilikuwa ikitumia viwanda 133 vya uchapaji vyenye mashine 1,783, na vinu zaidi ya 30 vya karatasi, na bado noti zilizofika kwenye matawi yake asubuhi zilikuwa zimepungukiwa thamani kabla ya jioni. Kiwanda chenye wafanyakazi elfu kadhaa kilihitaji noti nyingi kila wiki, kisha mara mbili kwa wiki, kisha kila siku. Pale tawi la benki lilipokosa noti, meya alikuwa na njia mbili: kuwaacha watu waende nyumbani mikono mitupu, au kumwita mwenye matbaa ya mjini.

Haraka hiyo inaonekana kwenye noti zenyewe. Nyingi zina chapa upande mmoja tu. Nyingine ni noti za zamani zilizopigwa juu yake kiasi kipya kwa wino mwekundu, na hata Reichsbank ilifanya hivyo, ilipoigeuza noti yake ya marki 1,000 ya Desemba 1922 kuwa ya marki bilioni moja.

Je, noti ya mji mmoja ilipokelewa katika mji mwingine?

Kwa kawaida ilipokelewa vizuri mjini kwake na vijiji vya karibu. Mbali na hapo mfanyabiashara aliikataa au alikata sehemu ya thamani yake, kwa kuwa yeye ndiye angepaswa kuirudisha kwa mtoaji, na siku za safari zilitosha kuila. Noti za shirika la reli zilikuwa tofauti: zilipokelewa popote palipokuwa na kituo cha treni, na shirika hilo likawa miongoni mwa watoaji wakubwa kuliko wote.

Je, miji ilifaidika?

Ndiyo, na ukweli huu haufai kufunikwa. Mji uliolipa mishahara leo kwa noti zake, ukazikomboa wiki tatu baadaye kwa pesa zilizokwisha kuanguka, ulikuwa umelipa sehemu ndogo tu ya kazi iliyofanywa. Tofauti hiyo ilitoka mfukoni mwa aliyeishika noti muda mrefu zaidi, naye mara nyingi alikuwa mfanyakazi, mwenye duka dogo au mstaafu. Hata hivyo, mji huohuo ulikuwa ukikusanya kodi iliyokadiriwa miezi kadhaa nyuma na kupokea karatasi zisizonunua kitu, huku ukilisha maskini na kuendesha hospitali. Kwa maoni yangu viongozi wengi wa miji hawakuanza kwa nia ya kunyonya. Lakini walipogundua kwamba kuchelewa kulipa kuna faida, wachache waliharakisha kulipa.

Basi pesa za dharura ndizo zilizoleta mfumuko wa bei?

Hazikuuanzisha. Chanzo kilikuwa serikali kuu kugharamia bajeti yake kwa hati za hazina, ambazo Reichsbank chini ya rais wake Rudolf Havenstein ilizipokea na kuzitolea noti mpya. Mzigo wa fidia za vita uliifanya hali iwe ngumu zaidi, na gharama ya kuwalipa wafanyakazi wa Ruhr waliogoma dhidi ya wavamizi ikavunja kizuizi cha mwisho. Pesa za dharura zilikuja nyuma ya mfumuko, zikijaza pengo. Lakini kuanzia kiangazi cha 1923, Reichsbank ilipokuwa ikizipokea noti za watoaji wengi kama vile ni noti zake, zilichochea moto uliokwisha kuwaka.

## Ahadi zenye kipimo kingine

Ni kweli kwamba kulikuwa na hatifungani za nafaka na makaa ya mawe?

Ni kweli, na ni sehemu yenye fikra nyingi kuliko zote za historia hii. Marki ilipokoma kuwa kipimo, hakuna aliyekubali kukopesha kwa marki, kwa hiyo wakopaji walitafuta kitu ambacho thamani yake haikutegemea matbaa. Jimbo la Oldenburg lilianza mwishoni mwa 1922 kwa hati zilizohesabiwa kwa rai, nafaka ya mkate wa Kijerumani: mnunuzi alilipa bei ya kilo 125, na mwaka 1927 angelipwa bei ya kilo 150 kwa kiwango cha soko cha wakati huo. Kilo 25 za ziada ndizo zilizokuwa riba.

Mfano huo ulienea. Huko Baden kampuni za umeme zilitoa hatifungani za makaa ya mawe, kwa kuwa makaa ndiyo yaliyokuwa gharama yao kubwa, na Prussia ikatoa mkopo uliopimwa kwa potasi, madini ya mbolea. Mwenye hati hakupelekewa magunia wala malori nyumbani. Alilipwa pesa zinazolingana na bei ya kitu hicho siku ya malipo. Aliyekopesha kwa njia hii hakulindwa na kila hatari, kwani bei ya rai nayo hupanda na kushuka kwa mavuno, lakini alikuwa ametoka kwenye mashua iliyokuwa ikizama.

Kwa nini noti nyingine za 1923 zimeandikwa marki 4.20 za dhahabu, 1.05 au 0.42?

Hizo ni pesa za dharura zenye thamani imara. Marki 4.20 za dhahabu zilikuwa sawa na dola moja ya Marekani, 1.05 ni robo dola na 0.42 ni sehemu ya kumi. Agosti 1923 serikali kuu ilitoa mkopo wa dhahabu, na vipande vyake vidogo vikaanza kutumika mikononi kama pesa. Kisha miji na mikoa ikaruhusiwa kutoa noti zake ikiwa imeweka hati za mkopo huo kuwa dhamana.

Hamburg ilikwenda mbali zaidi: Oktoba 1923 wafanyabiashara wake walianzisha Hamburgische Bank von 1923, iliyotoa hati za hesabu na sarafu za alumini zilizopimwa kwa dhahabu. Katika siku hizo mtu aliweza kuwa na noti ya trilioni mfuko mmoja na sarafu ya sehemu ya kumi ya marki mfuko mwingine, na hiyo sarafu ndiyo iliyonunua chakula.

## Hatifungani za kawaida za miji

Miji ilikopa kwa ajili gani kabla ya vita, na nani aliikopesha?

Ilikopa ili kujenga mabomba ya maji, viwanda vya gesi, njia za tramu, machinjio na shule, kwa riba ya kiasi cha asilimia 3.5 hadi 4. Wakopeshaji walikuwa benki za akiba, makampuni ya bima, wajane, wachungaji, walimu wastaafu. Sheria iliwataka walezi wa yatima kuweka mali ya watoto hao kwenye vitega uchumi vilivyoorodheshwa kuwa salama, na hatifungani za miji zilikuwamo. Mlezi aliyetii sheria neno kwa neno alimfilisi yatima wake, na yule aliyeivunja akanunua shamba alimwokoa. Kati ya yote yaliyoandikwa kuhusu mwaka 1923, hili ndilo ninaloomba wasomaji walikumbuke kwanza.

Madeni hayo yalifanywa nini na mfumuko wa bei?

Yaliyeyuka. Mji uliokuwa ukidaiwa marki milioni 100 za kabla ya vita ungeweza, kwa kiwango cha Novemba 1923, kulifuta deni lote kwa sehemu moja ya mia ya pfennig moja ya pesa mpya (Rentenmark, iliyoelezwa chini). Mwenye hatifungani ya marki 1,000 kwa riba ya asilimia 4 alikuwa na haki ya marki 40 kwa mwaka, ilhali stempu ya barua moja ya ndani ya nchi ilifika marki bilioni 10 tarehe 12 Novemba na bilioni 80 tarehe 26. Kuponi, kipande cha hati cha kudai riba, haikustahili hata bahasha ya kuipeleka benki.

Je, wakopeshaji walirudishiwa chochote?

Kidogo. Tarehe 28 Novemba 1923 Mahakama Kuu ya Leipzig iliamua kwamba rehani ya kabla ya vita haiwezi kulipwa kwa marki za karatasi na kuhesabiwa imekwisha, kwa kuwa jambo hilo lingepinga uaminifu unaodaiwa na sheria. Bunge likatunga sheria mbili tarehe 16 Julai 1925. Ya kwanza ilihusu madeni ya watu binafsi na kuzirudisha rehani nyingi kwenye asilimia 25 ya thamani yake ya dhahabu. Ya pili, iliyohusu mikopo ya umma, ilikuwa na mkono mgumu zaidi.

Kwa mikopo ya serikali kuu, marki 1,000 za zamani ziligeuzwa kuwa Reichsmark 25, yaani pesa mpya ya Ujerumani. Aliyeinunua hatifungani yake kabla ya tarehe 1 Julai 1920 na kuishika mfululizo alipewa pia haki ya kuingia kwenye bahati nasibu ya kila mwaka. Namba yake ikitoka, alilipwa mara tano, yaani Reichsmark 125, pamoja na riba ya asilimia 4.5. Droo hizo zilipangwa kwa miaka 30, kwa hiyo mzee wa miaka sabini hakuwa na matumaini makubwa, na kwa sababu hiyo wenye haki waliokuwa fukara waliwekewa posho maalumu ya kila mwaka. Walionunua baada ya tarehe hiyo, wengi wao wakiwa walanguzi, walibaki na ile asilimia 2.5. Mikopo ya miji iliwekwa chini ya utaratibu wa namna hiyohiyo.

Pesa za dharura zenyewe hazikurudishiwa thamani kabisa.

## Mwisho wa pesa za dharura

Zilikomeshwaje?

Tarehe 15 Novemba 1923 ilitoka Rentenmark, iliyobadilishwa kwa marki trilioni moja za karatasi na kuwekewa dhamana ya mzigo juu ya ardhi na viwanda. Msimamizi wake, Hjalmar Schacht, alifahamu kwamba pesa mpya haitasimama iwapo maelfu ya matbaa yangeendelea kufanya kazi, kwa hiyo Reichsbank ikatangaza kwamba haitapokea tena pesa za dharura na kuwataka watoaji wazikomboe. Tarehe 25 Novemba alikwenda Köln kukutana na watoaji waliokasirika, katika mji ambao siku hizo dola iliuzwa kichochoroni kwa zaidi ya marki trilioni 11. Hakulegeza. Miji ikalazimika kukopa au kutoza kodi ili kuzilipa noti zake, na hapo ndipo wengine walipokumbuka kwamba noti ni deni.

Katika Rheinland, eneo la magharibi mwa Ujerumani lililokaliwa na majeshi ya kigeni, mambo yalichelewa, kwa kuwa wakuu wa majeshi hayo mwanzoni walizuia Rentenmark. Noti zenye thamani imara ziliendelea kutumika huko, sambamba na noti za faranga zilizotolewa na usimamizi wa reli wa Ufaransa na Ubelgiji.

## Kwa mwenye noti mkononi

Noti yangu imeandikwa "Billion". Ni bilioni?

Ni trilioni. Kwa Kijerumani "Milliarde" ni bilioni yetu, yenye sifuri tisa, na "Billion" ni yenye sifuri kumi na mbili. Noti kubwa kuliko zote za Reichsbank, "100 Billionen" ya tarehe 15 Februari 1924, ni ya trilioni 100. Kwa hesabu hiyo, sarafu kubwa ya Westfalen ya mwaka 1923 iliyoandikwa "1 Billion Mark" ni ya trilioni moja.

Je, noti za hariri, ngozi na kauri ni za kweli?

Ziko za kweli. Benki ya akiba ya Bielefeld, mji wa nguo, ilitoa noti za hariri, kitani na mahameli. Kiwanda cha Meissen kilitengeneza sarafu za udongo mwekundu na za kauri nyeupe. Nyingi ziliuzwa kwa wakusanyaji tangu siku ya kwanza. Nyingine zinatafutwa kwa uzuri wa sanaa yake, kama noti za benki ya jimbo la Thüringen za 1923, zilizobuniwa na Herbert Bayer, aliyekuwa mwanafunzi wa Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu.

Zina thamani gani leo?

Vinoti vya mifululizo ya 1921 na 1922 vilichapwa kwa wingi mno, na vingi bei yake ni ndogo hadi leo. Kiasi kilichoandikwa hakisemi lolote. Kinachopandisha bei ni uchache wa toleo, hali ya karatasi na jina la mtoaji. Muhuri wa "entwertet" (imefutwa thamani) au matundu huonyesha kwamba noti ilirudishwa na kulipwa. Jihadhari na maandishi ya juu yaliyoongezwa baadaye ili kuifanya noti ya kawaida ionekane adimu. Noti za Köln zenye saini ya meya Konrad Adenauer zina wapenzi wake, kwa kuwa alikuja kuwa kansela wa kwanza wa Ujerumani Magharibi mwaka 1949.

Nina noti ya marki 1,000 ya 1910 yenye mihuri myekundu. Si inalipwa kwa dhahabu?

Hailipwi. Uvumi huo ulikuwapo tangu miaka ya 1920, wenye noti wakaunda vyama na kwenda mahakamani, nao wakashindwa. Noti hizo zilichapwa kwa miaka mingi baada ya 1910 huku tarehe ikiachwa ileile, ndiyo sababu zimebaki nyingi.

Na hatifungani ya mji wa Kijerumani iliyoandikwa kwa dola za Marekani?

Hiyo ni ya kizazi kingine. Marki ilipotulia, miji kama Berlin na Köln ilikopa nje kwa dola. Malipo yalikatika katika miaka ya 1930, na madeni ya nje yakapangwa upya kwa Mkataba wa London wa tarehe 27 Februari 1953, Adenauer akiwa kansela. Kwa kuwa hati nyingi zilichukuliwa Berlin mwaka 1945, kila mwenye hati alitakiwa kuithibitisha ndipo alipwe. Malipo ya mwisho ya riba iliyosalia kwenye mikopo ya serikali kuu ya enzi hizo yalifanyika tarehe 3 Oktoba 2010. Anayekuuzia leo hati isiyothibitishwa kwa ahadi kwamba itakufanya tajiri anakudanganya. Inunue kama kumbukumbu, kwa bei ya kumbukumbu.

Je, Afrika Mashariki ya Kijerumani ilikuwa na pesa za dharura?

Ndiyo, ingawa chanzo chake kilikuwa vita na kufungwa kwa bahari, si mfumuko wa 1923. Kuanzia 1915 zilichapwa noti za muda za rupia kwa karatasi yoyote iliyopatikana, na za 1917 zilipigwa kwa mihuri ya mpira porini. Karakana ya reli ya Tabora ilitengeneza sarafu za heller 5 na 20 (heller 100 ni rupia moja) mwaka 1916, na pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, hadi majeshi ya Ubelgiji yalipouteka mji huo Septemba mwaka huohuo.

Zisichanganywe na vinoti vya pfennig 75 vya "Deutsch-Hanseatischer Kolonialgedenktag" (siku ya kukumbuka makoloni) vinavyotaja Afrika Mashariki. Hivyo vilichapwa Ujerumani mapema miaka ya 1920 kwa wakusanyaji waliokuwa wakililia makoloni yaliyopotea, na havikutumika kununua chochote Dar es Salaam wala Tabora. Sarafu halisi za Tabora hutambulika kwa herufi T iliyopigwa karibu na mwaka.